Mdhamini wa Mkungu wa Satwa

Basi lilinishusha Satwa Ijumaa moja saa nne asubuhi, na miguu ikajipeleka yenyewe. Nilipita duka la vitambaa, nikapita gereji ambako redio haizimwi, nikapita tanuri la Mwafghani anayebandika mikate ukutani kwa mkono mtupu. Nilikuwa nimetoka Jebel Ali, ninakopanga mizigo ghalani, metro kisha basi, kwa ajili ya kwenda kuutazama mti. Usinicheke. Watu hupanda ndege waje mji huu kutazama majengo, nami nilitaka kuuona mkungu.

Nilipokata kona ya fundi cherehani nilidhani nimepotea njia. Ukuta haukuwepo. Nyumba haikuwepo. Palikuwa na uwanja wa kokoto uliochorwa mistari myeupe, na magari yamepangwa juani. Nilisimama pale nikijaribu kukadiria: hapa palikuwa na bomba, hapa kamba ya nguo, basi mkungu ulikuwa hapa, chini ya pikapu hii nyeupe.

Nyumba ile nilikaa miezi saba tu, katikati ya muongo uliopita. Lakini mimi ni mtu wa kuhamahama, na kwangu miezi saba ni makazi. Ilikuwa nyumba ya zamani yenye ua. Mbele alikaa mama wa mwenye nyumba, bibi mzee sana, pamoja na msichana wake wa kazi. Nyuma palikuwa na vyumba vitatu tulivyopangishwa wanawake: Wafilipino, Mhabeshi mmoja, mwenzangu Mganda aliyekuwa mlinzi kwenye duka kubwa, na mimi, niliyetandika vitanda kwenye hoteli ya Mankhool. Katikati ya ua ulisimama mkungu.

Niliingia mwezi wa kwanza, usiku, sikuona kitu. Asubuhi nilitoka na mswaki mdomoni, nikainua macho, nikasahau kusugua. Kama umekulia pwani huhitaji kuelezwa mkungu ulivyo. Matawi yake hutoka ngazi kwa ngazi, yamenyooka kama rafu za kabati, na majani yake ni mapana kama sahani. Ule wa Satwa ulikuwa umeanza kubadilika. Majani yalikuwa mekundu, mengine rangi ya machungwa, na kila moja lilipoanguka lilitua juu ya ndoo zetu kwa kishindo kama mtu ameweka sahani chini.

Kwetu Tanga bibi yangu alikuwa na mkungu uani. Kungu zikiiva tulizila nyama yake ya nje hadi midomo ikageuka zambarau, kisha tukazianika kokwa juu ya bati. Zikikauka tulizisimamisha kwa ubavu juu ya jiwe na kuzipasua kwa jiwe jingine. Ndani unapata kiini chembamba kama kidole cha mtoto mchanga, kitamu kuliko korosho. Vidole vyangu vya utotoni vilikuwa na kucha nyeusi mwaka mzima kwa sababu ya kupiga pembeni.

Mkungu wa bibi ulikuwa na tabia. Mwaka huu unazaa, mwaka ujao unanuna. Na bibi alikuwa na dawa yake, aliyoirithi kwa mama yake. Kabla ya masika, alfajiri ya Ijumaa, alichukua shoka, akauzunguka mti mara tatu, akaugonga kwa kisogo cha shoka na kusema kwa sauti ya hasira, "Huyu hana faida. Namkata." Kisha aliliinua shoka juu, akangoja. Hapo ndipo zamu yangu ilipofika. Nilitakiwa nitoke mbio, niukumbatie mti, niseme, "Mwache. Mwaka huu atazaa." Bibi aliuliza, "Mdhamini wake nani?" Nami nikajibu, "Mimi." Shoka likashuka, tukaenda kunywa uji. Bibi alisema mti haumwogopi mwenye shoka. Mti huona haya kumwangusha aliyeudhamini.

Nilikuwa mdhamini tangu nikiwa na miaka sita. Nilipofika kumi na mmoja, alfajiri moja wasichana wenzangu waliniita tukacheze rede kabla ya jua kuwaka. Nilijua ni siku ya mti. Nikaenda. Niliporudi nilimkuta bibi ameketi kizingitini, shoka miguuni pake. Shinani mwa mkungu palikuwa na jeraha jeupe, pana kama kiganja, linatoa utomvu. Ukiliinua shoka na asitokee wa kuomba, huwezi kulirudisha hivi hivi, mti utakudharau, itabidi upige. Alikuwa amesubiri mpaka mikono ikamtetemeka, ndipo akapiga. Hakunichapa. Alisema tu, "Usimwache mtu na shoka juu peke yake." Mwaka ule hatukupata kungu hata moja. Mwaka uliofuata nilimwomba tuutishe tena, akasema mikono imechoka. Hakuutisha tena. Alifariki nikiwa kidato cha nne.

Ndiyo maana nilisahau kupiga mswaki.

Sasa, mwenye nyumba wa Satwa, ambaye sisi sote tulimwita arbab, alikuwa akija kila Ijumaa baada ya sala kumwona mama yake. Alikuwa amemjengea chumba kwenye nyumba yake mpya huko mbali, mama akakataa kuhama. Ijumaa moja ya mwezi wa pili, ua ukiwa umejaa majani mpaka mfereji umeziba, arbab alisimama akitazama juu. Mti ulikuwa umebaki mifupa. Akamwambia nator, yaani yule mzee wa Kipakistani aliyetunza nyumba na kumwagilia maji, kwamba mti huu miaka mitatu hauzai, kazi yake ni kuchafua tu. Akaweka ahadi. Ramadhani ikiingia bila tunda, khalas, unakatwa, yajengwe maegesho. Mwaka ule Ramadhani iliangukia mwezi wa sita.

Nator alitufikishia habari ile kwa Kiarabu chake kibovu na mikono yake miwili, na mkono uliokata hewa ndio ulionifikia vizuri zaidi. Nikasema moyoni, haukatwi. Sikuwa na hoja yoyote. Sikuwa na haki yoyote pale, kitanda changu chenyewe kilikuwa cha juu cha kupandia ngazi. Lakini nilikuwa nimeshaukimbia mti mmoja.

Mwenzangu Mganda alinisikiliza huku akipiga pasi sare yake. "Wewe Mtanzania," akasema, "hii mti imekufa. Unaona mwenyewe iko uchi."

Nikamwambia haujafa, unavua nguo za zamani. Nikamweleza habari ya shoka na mdhamini. Alicheka mpaka pasi ikatoa moshi. Hata hivyo alikubali kuwa mdhamini, kwa masharti kwamba nimpikie wali wa nazi siku hiyo, na kwamba nisimwambie mchungaji wake.

Hapa lazima nikiri jambo. Ua ule ulitazamwa na dirisha moja la ghorofani, na dirishani hapo bi mkubwa, mama wa arbab, alikaa tangu asubuhi hadi magharibi, kitambaa cheusi kichwani, hasemi neno. Na sisi wawili, kwa kuwa tulikuwa na lugha yetu, tulimsema tukifua na tukianika. Mwenzangu alimpa jina la Kamera. "Kamera imewaka," alisema tukitoka. "Leo Kamera imekunja uso, labda umetumia maji mengi." Nami nilichangia, sitajitakasa. Nilisema amekaa pale kama mtu aliyesahauliwa kituoni. Tulimwona kila siku, na hatukuwahi kumwamkia, maana tungemwamkia kwa lugha gani?

Ijumaa iliyofuata, alfajiri, nililitoa shoka kwenye banda la nator. Nilikuwa nimemwomba kwa ishara, naye alinikabidhi huku akinitazama kama mtu anayekabidhi mtoto wake kwa mgeni. Alisimama kando kuona kitakachotokea. Baridi ilikuwepo bado, ile baridi ndogo ya Dubai inayokufanya ujute kuacha sweta ndani. Nikauzunguka mti mara tatu. Nikaugonga kwa kisogo. Nikasema kama bibi alivyosema, kwa hasira, na hasira ilikuja yenyewe, "Huyu hana faida. Namkata." Nikainua shoka.

Mwenzangu akatoka mbio kama nilivyomfundisha. Akafika mtini, akaukumbatia, akanitazama usoni, akaangua kicheko. Alijaribu kusema "mwache", likatoka nusu. Akajaribu tena. Mwisho alishika tumbo akakimbilia bafuni ili asiwaamshe Wafilipino.

Nikabaki na shoka juu.

Sijui kama umewahi kushika shoka juu ya kichwa ukingoja. Kwanza ni mchezo. Baadaye mabega yanawaka. Baadaye unaelewa kitu ambacho mtoto wa miaka kumi na mmoja hakukielewa. Nilikumbuka kizingiti cha Tanga, nikajua bibi alihesabu pumzi ngapi akisikiliza kama miguu yangu inarudi. Na nilijua kanuni. Asipotokea mtu, itabidi nipige.

Dirisha likafunguka kwa mkwaruzo.

"Mwache, mwanangu," sauti ikasema, Kiswahili cha Unguja kilichonyooka. "Mwaka huu atazaa."

Nator alikaa chini. Mchezo una maneno yake, nikauliza, "Mdhamini wake nani?"

"Mie hapa."

Nikashusha shoka. Nikasema kwa haya ya miezi miwili, "Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba," akasema. "Hino shikamoo n'naingojea tokea mlipokuja. Na mwambie mwenzio huko msalani, mie si kamera."

Tulipanda juu, tukapiga magoti, tukaomba radhi. Mwenzangu alitaka ardhi immeze. Bi mkubwa alituacha tuteseke kidogo, kisha akasema yeye aliyapenda maneno yetu, maana tangu dada yake afe hakuwa na wa kusema naye lugha hiyo, na hata kusemwa ni kuzungumziwa. Alizaliwa Unguja, akaondoka bado msichana. Kokwa iliyoota mkungu ule alikuja nayo, imeshonwa kwenye upindo wa nguo yake. Nyumbani kwao pia waliutisha mti, naye ndiye aliyekuwa akiomba. Mwanawe alijua mama yake anaupenda mti. Sababu hakuijua, hakuwahi kuuliza, naye hakuwahi kusema. "Ukimwambia mtu mzima thamani ya kitu," akasema, "atakupa jibu la bei."

Tangu siku hiyo nikawa na kazi mbili, vitanda vya watu na mti wa bi mkubwa. Nilichimba kijitaro kuuzunguka mti. Kila jioni nilimimina maji ya kuoshea mchele na samaki, mpaka Mhabeshi akalalamika kuhusu paka. Mwenzangu, kwa toba, alibeba maji kutoka bomba la nje akiwa amevaa sare yake ya ulinzi, akiuambia mti, "Zaa, mama, tutapata aibu."

Katikati ya mwezi wa tatu ncha za matawi zilivimba. Wiki moja baadaye zilitoa vikonyo vilivyosimama wima kama mishumaa, na asubuhi moja vikafunguka kuwa majani, kijani kichanga ambacho mwanga unapita ndani yake, laini ukiyagusa kama ngozi ya sikio. Nimekulia nchi ambayo miti haiulizwi ni mwezi gani. Sikuwahi kukaa chini ya mti nikauona ukivaa, siku kwa siku. Dubai ina majira ya kuchipua, nakuambia mimi, ila ni mafupi. Yako kati ya siku unayoweka sweta sandukuni na siku unayowasha kiyoyozi.

Mwezi wa nne maua yakaja, madogo, rangi ya maziwa, kwenye mikia mirefu. Yalikuwa na harufu kama nguo iliyolala na unga. Nyuki walijaa. Bi mkubwa aliteremshwa na kuwekewa kiti uani, mara ya kwanza kwa miaka, alisema msichana wake. Alishika ua moja kiganjani akatwambia hilo si tunda bado, tusishangilie.

Alikuwa sahihi. Upepo wa shamali ulivuma siku mbili, vumbi likafunika anga, na ulipotulia ua wote ulikuwa mweupe kwa maua. Nator aliyafagia bila kututazama. Nilipanda kwenye ukuta nikakagua tawi kwa tawi. Kwenye matawi ya kusini hakuna. Ya mashariki hakuna. Upande wa ukuta wa fundi cherehani, ambako upepo ulikingwa, nikaona vipunje vya kijani, kila kimoja na ncha yake, kama mashua ndogo zisizo na maji. Nikamwita nator kwa mkono. Akapanda, naye mzee wa magoti mabovu, akatazama, akasema, "Mashallah," kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kuziamsha.

Tuliyafunika matawi yale kwa chandarua cha kitanda changu dhidi ya ndege. Kwa hiyo mbu walinila mimi. Sawa.

Ijumaa ya mwisho kabla ya mfungo, arbab alikuja na mtu aliyebeba msumeno wa injini. Alitazama juu, akaona majani mazito tu. Akamwambia mama yake kwa upole kwamba ahadi ni ahadi. Bi mkubwa alikuwa kwenye kiti chake. Hakumjibu yeye, alinigeukia mimi kwa Kiswahili. "Panda, mwanangu. Mletee."

Nilipanda ukutani, nikaondoa chandarua. Nilirudi na kungu tatu kwenye kanga, mbili za njano na moja yenye shavu jekundu. Bi mkubwa alichukua ile nyekundu, akaipangusa kwa upindo wake, akampa mwanawe ale. Mtu mzima yule, mwenye saa ya dhahabu, akauma kungu mbele ya wapangaji na mtu wa msumeno. Midomo ikawa zambarau. Akauliza kitu kwa Kiarabu, na mama yake akaanza kumsimulia. Alisimulia muda mrefu. Sikuelewa yote, ila nilisikia Zinjibar mara nyingi, na nilimwona arbab akikaa chini, kwenye kijitaro changu chenye harufu ya samaki, kama mtoto. Msumeno uliondoka bila kuwashwa.

Mwezi wa saba mkataba wangu ulikwisha nikapata kazi Sharjah, kisha Muscat, kisha kwingine. Ndivyo nilivyo. Kabla ya kuondoka bi mkubwa aliniuliza mwakani nani ataliinua shoka. Tukamfundisha nator. Alishika kazi yake kwa makini kuliko mimi, akizunguka mti kama askari, na bi mkubwa akiombea dirishani. Mwenzangu aliniandikia kwamba walifanya hivyo majira mawili ya kuchipua mfululizo, naye safari zote mbili hakucheka. Baadaye naye akarudi Kampala, na sikupata tena habari za ua ule.

Basi nilikuwa nimesimama pale kwenye kokoto, rafiki yangu, fundi cherehani aliponitambua akaniita ndani. Ni Mhindi wa Kerala, na mazungumzo yetu yalikuwa ya lugha tatu zilizovunjika. Akanipa chai. Akanieleza kwamba bi mkubwa alifariki wakati wa baridi. Arbab hakuweza kuishika nyumba peke yake, ilikuwa ya ndugu wengi, ikauzwa. Wanunuzi walileta watu na mashine. Mkungu ulikuwa umeanza kutoa maua.

Nator alikuwa ameshaambiwa aondoke, lakini asubuhi ile alikuja. Alisimama mbele ya mti. Fundi aliacha cherehani akatoka kumtazama, kwa sababu mzee yule hakuwahi kupandisha sauti. Alikuwa akiwaambia watu wa mashine maneno ambayo hayakuwa Kiarabu, wala Kihindi, wala Kipashto. Aliukumbatia mti akarudia neno moja, akijipiga kifua. Walimshika mikono kwa adabu, wakamweka kando. Mwenye msumeno hakujua kwamba mti ukiombewa, chuma hushushwa.

"Yeye sema mie, mie," fundi akaniambia, akijigusa kifua kunionyesha. "Hii mie maana yake nini?"

Nilimwambia. Akarudi kwenye cherehani yake, lakini hakukanyaga.

Nator hakuna aliyemuuliza mdhamini nani. Alijibu hata hivyo. Yeye alikuwa mtu wa shoka, na sehemu ya kuomba alikuwa akiisikia tu kutoka dirishani. Siku mwombaji alipokosekana, aliichukua yeye. Mimi niliyeyajua maneno tangu miaka sita nilikuwa ng'ambo ya mpaka, natandika vitanda. Niliyafikiria hayo kwenye basi, nikayafikiria kwenye metro mpaka kituo cha mwisho, na nilipofika chumbani sikuvua viatu kwanza. Nilimpigia mjomba Tanga.

Mkungu wa bibi upo bado. Jeraha limefunga, limebaki kovu kama mdomo. Mjomba anasema unazaa mwaka mmoja unaruka mitatu, na mwaka huu anafikiria kuuangusha ajenge kibanda cha kuku. Nikamwambia asiuguse. Nimeomba likizo ya mwezi wa tatu, na meneja akinikatalia nitaacha kazi. Nimeshaacha kazi nyingi kwa sababu ndogo kuliko hii. Nikamweleza mjomba siku, Ijumaa, na saa, alfajiri kabla ya jua. Yeye azunguke mara tatu, agonge kwa kisogo, ainue shoka, na anisubiri.